Jinsi ya kupima vumbi la nyota kubwa zinazozeeka kwa kutumia ukingo wa Mwezi, ukiwa hapa Uganda

Watu wengi wakirekodi Mwezi ukifunika nyota wanawasha kamera sekunde tano kabla, nyota ikipotea tu wanazima, wanakunja darubini. Kama ulichotaka ni saa ya tukio basi sawa, umeipata. Ila kama unatafuta vumbi linaloizunguka hiyo nyota umekata hapo hapo penye habari yenyewe, maana nyota inapotea haraka lakini vumbi linapotea polepole, linaanza kufunikwa kabla ya nyota na linamalizika baada yake. Hiki ndo kitu nataka ukishike kuliko vyote kwenye haya maelezo: ukichora grafu ya mwanga unavyopungua, vumbi linakaa kwenye miteremko ya pembeni, kwenye lile poromoko la katikati utakuta nyota tu.

Tuanze na tunapima nini. Nyota zilizozaliwa na uzito wa Jua mara 8 hivi na kuendelea, zikishachoma haidrojeni ya katikati zinavimba, zinakuwa yale majitu makuu mekundu, uso unapoa mpaka kelvini 3,500 au 3,600 hivi, na zinaanza kumwaga gesi yao nje usiku na mchana. Gesi ikisogea mbali na nyota inapoa, ikishuka chini ya kelvini 1,500 na kwenda 1,000 inaanza kuganda kuwa chembe, saa zingine silikati, yaani jamii ya mchanga, saa zingine kaboni, yaani masizi kabisa kama yale ya chini ya sufuria ya kuni. Zile nzito zaidi zinavua koti lote la nje zinabaki kiini cha moto, ndo zinaitwa Wolf-Rayet, na baadhi yake nazo zinatengeneza vumbi, hasa ikiwa zina mwenza na pepo za nyota zote mbili zinagongana njiani. Hilo ganda la vumbi ndo kumbukumbu ya nyota: imemwaga kiasi gani, tangu lini, upande gani. Na oksijeni hii tunayovuta kwa sehemu kubwa ilipikwa ndani ya nyota za namna hii, kwa hiyo mimi sioni kama ni habari ya mbali.

Shida ni udogo. Chukua digrii moja uikate mara 3,600, kipande kimoja ni sekunde ya tao, alafu hicho kipande ukikate tena mara 1,000, ndo milisekunde ya tao. Antares, ile nyekundu ya kwenye moyo wa Nge, ni kati ya nyota pana zaidi zinazoonekana angani na bado upana wake ni kama milisekunde 41 tu. Hewa yetu peke yake inaichafua picha ya nyota mpaka sekunde nzima ya tao au mbili, kwa hiyo hata uwe na darubini nzuri unaona doa linalotetemeka. Mwezi unatuokoa kwa sababu ukingo wake uko kilomita 384,400 juu, hakuna hewa pale, unapita mbele ya nyota kama kisu kinachokata mkate taratibu, na wewe kazi yako ni kuandika mwanga uliobaki kila baada ya milisekunde chache. Saa inageuka kuwa rula.

Na hii njia si mpya. Tarehe 13 Aprili 1819 kule Vienna, Johann Tobias Bürg aliangalia Antares ikitoka nyuma ya Mwezi, akaona kwanza kinyota hafifu, sekunde chache baadaye ndo Antares yenyewe ikawaka. Baadhi ya watu walidhani ni hewa ya Mwezi. Kumbe Bürg alikuwa ameona mwenza wa Antares ambaye kwa kawaida anamezwa na mwanga wa mkubwa wake. Mwaka 1939 Whitford akafanikiwa kurekodi mawimbi ya difraksheni (mwanga unavyopinda na kujigawa ukipita kwenye ukingo) pale kituo cha Mount Wilson, Marekani, miaka ya 1950 David Evans akaifanyia kazi sana Antares akiwa Afrika Kusini, kwa hiyo hata bara letu limo kwenye hii historia tangu zamani. Kwa upande wa vumbi, mwaka 1972 Toombs na wenzake walitumia Mwezi kupima IRC+10216 kwa infraredi, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho (hii ni nyota ya kaboni kwenye Simba, si nzito kama majitu makuu lakini vumbi lake ni zito balaa) wakakuta sehemu mbili, kiini cha sekunde 0.4 za tao na ganda pana la kama sekunde 2. Mwaka 1999 Ragland na Richichi wakatangaza ganda la vumbi la WR 112, nyota ya Wolf-Rayet, chini ya sekunde moja ya tao, kwa njia hii hii.

Sasa sikia faida yetu ya ikweta, watu hawaisemi vya kutosha. Kivuli cha Mwezi, kile unachokitupa ukiziba mwanga wa nyota, kinakimbia juu ya Dunia kama kilomita 1 kwa sekunde kuelekea mashariki, na sisi huku tunazungushwa na Dunia kuelekea mashariki hiyo hiyo kwa mita 465 kwa sekunde, zaidi ya mtu yeyote aliye kaskazini au kusini zaidi. Mwezi ukiwa karibu na utosi, kivuli kinatupita kwa kama mita 550 kwa sekunde tu. Ukigeuza kuwa pembe ni kama sekunde 0.3 ya tao kwa kila sekunde ya saa, badala ya 0.5 na ushee ambayo utaipata Mwezi ukiwa chini karibu na upeo. Yaani kamera ile ile, ukiwa Kayabwe pale kwenye mstari wa ikweta na Mwezi uko juu, unapata vipimo karibu mara mbili kwa kila milisekunde ya tao. Alafu Nge na Mshale zinapita juu kwetu, Antares inafika digrii 63 hivi juu ya upeo ukiwa Kampala, wakati ndugu zetu wa Ulaya wanaichungulia kwenye moshi wa upeo. Kwa hiyo ukiwa na matukio mawili ya kuchagua, chagua lile la Mwezi ulio juu.

Kabla hujatumia hela, lazima nikwambie ukweli kuhusu rangi ya mwanga. Joto la chembe ya vumbi unaweza kulikadiria hivi: chukua joto la nyota, zidisha kwa kipeuo cha pili cha (nusu ya nusu-kipenyo cha nyota ukigawa kwa umbali wa vumbi). Nyota ya kelvini 3,600, vumbi likiwa umbali wa nusu-vipenyo 10, unapata kama kelvini 800. Likiwa umbali wa 20, unapata kama 570. Kitu cha kelvini 570 kinang'aa zaidi kwenye mikroni 5 (huu ni urefu wa wimbi la mwanga, mikroni moja ni milimita ukiikata mara 1,000). Kamera za silikoni, hizi tunazonunua za sayari, zinaishia mikroni 1 na kidogo. Kwa hiyo kamera yako ya kawaida itakuonyesha nyota vizuri sana lakini joto la vumbi haitaliona, vumbi lenyewe linataka mikroni 2.2 na kwenda juu, na vifaa hivyo viko kwenye vituo vikubwa. Usikate tamaa, hii haikuondoi kwenye kazi. Unafanya vitu viwili sambamba: unajifunza mkono kwa kamera yako mwenyewe, kupima nyota na wenza wao, na unachambua data za infraredi ambazo zipo bure. Arkaivu ya ESO, shirika la vituo vya anga la nchi za Ulaya, ina rekodi za Mwezi kufunika nyota zilizochukuliwa na kamera ya ISAAC kwenye darubini kubwa za VLT kule Paranal, Chile, kwa mtindo wa kuchukua fremu nyingi mfululizo, unafungua akaunti bila malipo, unashusha. Laptopu na bando la usiku vinatosha.

Kuchagua nyota. Mwezi hautoki mbali na njia ya Jua, yaani ule mstari ambao Jua linaupitia kati ya nyota kwa mwaka, kwa hiyo nyota yoyote iliyo zaidi ya digrii 6 na nusu hivi kutoka njia hiyo haitafunikwa kamwe. Watu wote wananiuliza Betelgeuse, hasa baada ya ile kufifia ya mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 ambayo vumbi lilihusika. Haifikiwi, iko digrii 16 kusini. Zinazofikiwa ni hizi: Antares kwenye Nge, 119 Tauri kwenye Ng'ombe, TV Geminorum na WY Geminorum kwenye Mapacha, na kule Mshale kuna VX Sagittarii, hii ni hazina, jitu kuu lenye vumbi jingi sana na mwanga wake unapanda na kushuka kwa mzunguko wa kama siku 732. Pia Mshale kuna WR 104, ile ambayo Tuthill na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba vumbi lake limejikunja kama konokono, iko karibu juu kabisa ya njia ya Jua. Ili ujue kama nyota ina vumbi, ingia SIMBAD na VizieR, hizi ni orodha za nyota mtandaoni, linganisha mwanga wake wa mikroni 2.2 na ule wa mikroni 12 uliopimwa na setilaiti ya IRAS mwaka 1983. Ukikuta mikroni 12 imezidi kuliko uso wa nyota peke yake ungeweza kutoa, ziada hiyo ni vumbi.

Zamu nayo ina utaratibu wake. Njia ya Mwezi inayumba kwa mzunguko wa miaka 18.6, kwa hiyo kila nyota ina msimu wake. Antares ilikuwa na msimu 2005 hadi 2010, na huu wa sasa ulianza 2023 unaishia 2028. Si kila tukio linaonekana Uganda, mengine yanaangukia baharini au mchana, ingiza majira-nukta (latitudo na longitudo) ya mahali pako kwenye programu ya Occult ya David Herald (bure) itakupa orodha, na pia spidi ya ukingo kwa kila nyota, namba ambayo utaihitaji baadaye. Kwa Antares, Mwezi unaokua unaipata kati ya Juni na Septemba jioni, nyota inapotelea upande wa giza, na kwetu kusini Juni hadi Agosti ni kiangazi, Mungu awape nini tena. Januari hadi Aprili ni alfajiri, Mwezi unaopungua, nyota inatokea upande wa giza, hiyo ni ngumu kidogo kwa sababu unasubiri kitu usichokiona. Upande wenye mwanga usihangaike nao kabisa.

Vifaa: darubini ya milimita 200 inatosha, stendi inayofuata nyota yenyewe, kamera ya monokromu (nyeusi na nyeupe) inayoweza fremu 200 hadi 300 kwa sekunde, filta nyekundu au ya infraredi ya karibu ili kupunguza mwanga wa Mwezi, laptopu yenye SSD. Ukikata dirisha la pikseli 128 kwa 128, kwa fremu 300 na biti 16, dakika nne ni kama gigabaiti 2 na ushee, diski ya zamani itaanza kuangusha fremu bila kukwambia. Geini ya otomatiki zima. Nyota isifike kileleni pa skeli, acha nafasi. GPS ni nzuri na kama unataka kutuma saa ya tukio ni lazima, ila kwa vumbi cha lazima ni kila fremu iwe na muhuri wake wa saa, ili fremu zikidondoka ujue. Umeme usiutegemee, beba betri ya sola iliyojaa.

Fanya mazoezi na Kilimia kwanza. Miaka hii Mwezi unakipita Kilimia, na nyota zake ni ndogo sana kwa pembe, kwa hiyo utaona mawimbi ya difraksheni safi: mwanga unapanda, unashuka, unapanda, alafu unazama. Kwa mikroni 0.8 wimbi la kwanza lina upana wa kama mita 12 ardhini, yaani milisekunde 22 za saa kwa spidi yetu ya ikweta, ndo maana ekspoja ya kila fremu iwe milisekunde 3 hadi 5. Antares haitakuonyesha mawimbi hayo kwa sababu yenyewe ni pana kuliko wimbi, inazama laini kwa kama sekunde 0.14. Ukishaziona zote mbili kwa macho yako, hesabu zote za vitabuni zinakaa zenyewe.

Usiku wenyewe: fika masaa mawili kabla, acha darubini ipoe, weka fokasi kwenye nyota nyingine iliyo mbali na Mwezi. Anza kurekodi dakika mbili kabla, maliza dakika mbili baada. Nasema dakika. Ganda kama lile la IRC+10216 linachukua sekunde 7 kupita kwa spidi ya 0.3, na bado unahitaji mstari mrefu tambarare kila upande ili ujue sifuri iko wapi. Mimi rekodi yangu ya kwanza ya nyota nyekundu niliizima sekunde tatu baada ya nyota kupotea na mpaka leo haina kazi.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho kitakudanganya. Ile nyota niliyorekodi baadaye kwenye Mapacha, nilifungua grafu nikakuta mteremko mzuri kabisa unaozidi sekunde ishirini, taratibu, laini, na katikati yake poromoko la nyota. Moyo ulidunda. Nilikuwa nimeshaanza kuandika ukubwa wa ganda kwenye daftari, mdogo wangu ambaye alikuwa ananisaidia kusoma fremu akavuta kile kiduara cha kupimia, ambacho programu inajumlisha mwanga uliomo ndani yake kwa kila fremu, akakiweka pembeni, mahali pasipo na nyota, kujaribu tu. Akaniambia, "Kaka, mbona na huku hakuna nyota lakini mteremko upo?" Nikaangalia, kweli, mteremko ule ule. Ulikuwa ni ukingo wa Mwezi wenyewe. Upande wa giza wa Mwezi si giza tupu, unamulikwa na Dunia yetu, na ukingo huo hafifu ukiingia ndani ya kiduara chako cha kupimia unajaza taratibu, na huku mng'ao wa upande wenye mwanga nao unabadilika. Kwenye grafu unafanana na ganda la vumbi kabisa.

Dawa yake ndo hiyo aliyoifanya kijana. Weka viduara viwili vitupu, kimoja kila upande wa nyota, vyote viwe umbali sawa na ukingo, yaani ukichora mstari kupitia vyote vitatu uwe sambamba na ukingo wa Mwezi. Ukingo utavigusa vyote kwa wakati mmoja. Chukua wastani wa vile vitupu, toa kwenye kile cha nyota, kinachobaki ndo cha nyota na majirani zake. Tangra na PyMovie, programu za kupima mwanga kwenye video, zote zinakuruhusu kuweka viduara vya ziada. Hata kwenye data za infraredi fanya hivi hivi, na huko ni muhimu zaidi, maana kwenye mikroni 2.2 mwanga wa Mwezi bado ni mwingi na mawingu membamba yanaleta miteremko yake. Mteremko ambao upo upande mmoja tu wa poromoko, uushuku kwanza. Mwenza pia usimchanganye na vumbi: mwenza anaonekana kama ngazi, vumbi kama mteremko.

Baada ya hapo ni hesabu. Tuseme una grafu ya mikroni 2.2, kiwango cha mwanzo umekiita 100. Sekunde 0.2 kabla ya poromoko mwanga unaanza kushuka taratibu mpaka 96, alafu unaporomoka mpaka 4 ndani ya sekunde 0.04, alafu hiyo 4 inaisha taratibu kwa sekunde 0.2 nyingine. Occult imekupa spidi 0.3. Nyota: 0.04 mara 0.3, ni milisekunde 12 za tao. Vumbi: jumla kama sekunde 0.44 mara 0.3, kama milisekunde 130. Mwanga wa vumbi ni asilimia 8 ya wote. Ganda ni pana kama mara 11 ya nyota, rudi kwenye ile kanuni ya joto utapata kelvini 770 hivi, na inaingia akilini kwamba kitu cha joto hilo kitoe kidogo kwenye mikroni 2.2. Namba zikigongana hapo, mfano umepata ganda la kelvini 300 linalotoa nusu ya mwanga wa mikroni 2.2, kuna mahali umekosea, rudi kwenye viduara.

Ila kusoma kwa rula ni makadirio tu, difraksheni nayo inapanua poromoko kwa kama milisekunde 10 za tao kwenye rangi hiyo. Kwa kazi ya kweli andika modeli kwenye Python: mawimbi ya Fresnel (yale yale ya difraksheni) ya nukta moja, uyatandaze kwa upana wa nyota, kwa upana wa filta, kwa urefu wa ekspoja na kipenyo cha darubini, alafu ongeza ganda kama duara lenye kingo laini, alafu mandharinyuma kama mstari ulionyooka au uliopinda kidogo. Acha scipy, maktaba ya hesabu ya Python, itafute namba. Fanya mara mbili, mara moja ukiwa na ganda na mara nyingine bila ganda, uone kama lile ganda kweli linapunguza mabaki, yaani tofauti kati ya modeli na grafu yako, au umelilazimisha.

Kumbuka pia Mwezi unakata kwa mwelekeo mmoja tu, kila tukio ni mkato mmoja. Vumbi la WR 104 limejikunja, kwa hiyo mkato wa mashariki-magharibi na mkato wa mshazari vitatoa upana tofauti na vyote viko sahihi. Ndo maana napenda tuwe wengi: mmoja Mbarara, mwingine Mbale, kila mtu anaona nyota ikigusa ukingo kwa pembe yake. Andika pembe hiyo kwenye faili lako pamoja na spidi, saa, majira-nukta, filta, na hali ya mawingu, usiku ule ule kabla hujalala, kwa sababu baada ya wiki hutakumbuka, na bila pembe mtu wa Mbale hawezi kuunganisha grafu yake na yako.